Farasi wa Nabii Suleimani na Vijana wa Katoro

Swali la kama mwanadamu aweza kupenda kitu ambacho hakupata kukiona, seuze kukimiliki, lilikwisha kujadiliwa na maulamaa na wanafalsafa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuwaza habari za injini. Walakini sisi tukaao katika nchi hii ya pamba, almasi na dhahabu, baina ya Shinyanga na Geita, limetufikia upya kwa njia ya gereji. Wapo vijana hapa, na si haba, waliozaliwa baada ya mwaka 1995, ambao mapenzi yao ya dhati yameelekea kwenye magari ya Kimarekani yaliyoundwa kati ya mwaka 1964 na mwaka 1973 hivi: magari mapana ya milango miwili, yenye usukani wa kushoto na injini ya silinda nane, yanywayo petroli bila haya, ambayo hayakupata kuwa bidhaa ya kawaida katika miji yetu na ambayo, kwa kadiri nionavyo, hayuko hata mmoja katika vijana hao aliyepata kuyaketia. Wanayajua kwa majina, kwa miaka, kwa umbo la taa za nyuma. Wengine huyatambua kwa mlio tu, simu ikiwa mfukoni na macho yakiwa kwingine.

Wazee wenzangu huwacheka. Mapenzi ya namna hii, husema, ni maradhi ya simu. Kijana wa Kahama ana nini na Detroit, mji wa magari huko Marekani? Nimelifikiri sana neno hilo, na kila nikilifikiri naona kwamba walitoao wamekwisha kujibu kabla ya kuuliza, kwa maana wanachukulia kuwa mtu hupenda kwa haki kile tu alichorithi au kilicho karibu naye, na jambo hilo ndilo hasa linalohitaji kuthibitishwa.

Kwanza yafaa msomaji ayajue magari yenyewe, ambayo mwanzo wake una kichekesho kidogo ambacho mwanafunzi yeyote wa fikihi atakifurahia. Kampuni ya General Motors ilikuwa na kanuni iliyokataza gari la ukubwa wa wastani kutiwa injini iliyozidi inchi za ujazo 330. Mhandisi John DeLorean na wenzake katika tawi la Pontiac hawakuivunja kanuni hiyo, wala hawakuitii. Badala ya kuunda gari jipya, ambalo lingehitaji idhini ya wakubwa, waliiandika injini ya inchi 389, yaani kiasi cha lita 6.4, kuwa ni nyongeza ya hiari katika gari la Tempest lililokwisha kuidhinishwa, na nyongeza hiyo wakaipa jina la GTO. Hila za kisheria za aina hiyo zilijaza vitabu vizima mjini Kufa na Baghdadi, na sina shaka kwamba kadhi wa zamani angetabasamu. Hiyo ilikuwa bidhaa ya mwaka 1964. Tarehe 17 Aprili ya mwaka huohuo Ford walilizindua gari lao la Mustang katika Maonyesho ya Dunia ya New York, na siku tisa baadaye, tarehe 26 Aprili, Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Kwa hesabu ya umri, basi, Mustang na Jamhuri yetu ni rika moja. Mwaka 1966 likatoka Dodge Charger, na miongoni mwa injini zake ilikuwamo ile ya Hemi ya inchi 426, lita saba kamili, ambayo waundaji waliitangaza kuwa na nguvu za farasi 425.

Watu wengi hawakumbuki kwamba magari ya ukoo huo yalipata kufika Afrika Mashariki, nayo yakaaibika. Pasaka ya mwaka 1964 kikosi cha Mercury Comet, magari ya V8 yaliyotayarishwa Marekani kwa gharama kubwa, kililetwa kushindana katika mashindano ya Safari, na baada ya njia zetu kuyafanya zilivyoyafanya, zikafika Comet mbili tu, tena nyuma kabisa, ilhali ushindi uliangukia Ford Cortina, gari dogo la Kiingereza lililoendeshwa na Peter Hughes. Mwaka 1966 na mwaka 1967 alishinda Bert Shankland wa Dar es Salaam kwa Peugeot 404. Nayataja haya kwa sababu ya hoja, si kwa ajili ya kumbukumbu peke yake: baba na babu za vijana hawa walipenda Peugeot, nao walikuwa na sababu ya kupenda, kwa kuwa waliiona ikipita na vumbi lake wakalila. Mapenzi ya magari ya Kimarekani hayakurithiwa na mtu hapa. Hakuna baba aliyemkabidhi mwanawe, wala hakuna mji uliojivunia. Yamezuka.

Magari hayo yalikufa upesi. Marekani ilitunga sheria kali ya hewa safi mwaka 1970, makampuni ya bima yakapandisha ada kwa vijana waliokuwa wakijiua nayo barabarani, kisha vita vya Oktoba 1973 vikalipandisha pipa la mafuta kutoka kiasi cha dola 3 hadi karibu dola 12 katika muda wa miezi michache. Pigo hilohilo lilitupiga na sisi, ambao hatukuwa na Charger hata moja ya kulaumiwa. Wenye umri wangu hawajasahau jinsi Serikali ilivyopiga marufuku magari ya watu binafsi kutembea Jumapili alasiri ili fedha za kigeni zisiteketee.

Sasa, mapenzi haya huingiaje? Kwa wengi wa rika lao mlango wa kwanza ulikuwa kibanda cha video, chenye mabenchi ya mbao na pazia zito mlangoni, ambamo mtafsiri aliisimulia filamu kwa Kiswahili juu ya sauti za wenyewe, akiongeza utani wake pale mazungumzo yalipomchosha. Filamu ya *The Fast and the Furious*, iliyotoka mwaka 2001, ilipita humo mara nyingi, na ndani yake imo Charger ya mwaka 1970 iliyofungiwa katika banda, gari ambalo baba na mwana walilijenga pamoja, kisha baba akafa, na mwana, ambaye haogopi lolote jingine, akaliogopa gari hilo. Mtoto wa miaka tisa huenda asielewe mapenzi ya watu wazima katika filamu. Hilo la gari la marehemu baba hulielewa mara moja. Mlango wa pili ni jamaa. Koo za Kiarabu za Tabora, Nzega na Shinyanga zina ndugu wengi waliohamia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, na huko, ambako petroli ni rahisi na barabara ni pana, magari ya Kimarekani yana wapenzi wao. Binamu akipiga picha Maskati asubuhi, adhuhuri imekwisha kuzunguka gereji zote za Shinyanga. Halafu ndipo huja mlio, ambao sijui niuelezeje kwa msomaji asiyeupenda, ila kwamba ni mzito, haukuenda sawa, na kifua huupokea kabla ya masikio.

Yote hayo ni ya picha na sauti, na kama mambo yangeishia hapo ningewaachia wazee wenzangu ushindi. Lakini hayaishii hapo. Kijana aliyelewa picha ya Charger huanza kuuliza jinsi inavyofanya kazi, na kwa kuwa Charger haipo, swali lake hulipeleka kwenye kile kilichopo: Land Rover 109 iliyolala nyuma ya ghala, au Bedford iliyobeba pamba kwenda kiwandani enzi za vyama vya ushirika na ambayo sasa kuku hutagia ndani ya kebini yake. Anafunua boneti, na anaona. Kabureta ile pale, distributa ile pale, waya za plagi zinahesabika, na kila kitu kikigomea kazi sababu yake inaweza kufuatwa kwa jicho, kwa mkono na kwa pua mpaka ipatikane. Gari la siku hizi likigoma hupelekwa kupimwa kwa kompyuta, nayo kompyuta hutoa namba, na fundi hutii namba. Silaumu; magari mapya hayaharibiki ovyo na moshi wake ni mchache. Nasema tu kwamba katika lile la kale akili ya kijana hukuta kitu kinachokubali kueleweka, na mapenzi hufuata njia hiyo. Oktoba 2024, Arusha ilipofanya tamasha la Land Rover na magari ya kila umri yakaandamana kwa mlolongo ambao jicho halikuona mwisho wake, nilitazama nyuso katika picha zilizotufikia, nikaona kwamba waliokuwa wakilala chini ya Land Rover za kale wakizishughulikia walikuwa vijana ambao magari hayo yamewazidi umri mara mbili.

Wasukuma hawana haja ya kufundishwa jambo hili la kupenda usichokiona. Kila msimu wa kiangazi, mavuno yakiisha, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na kijana mcheza ngoma wa upande mmoja yuko tayari kulumbana usiku kucha na mwenzake wa upande wa pili kwa ajili ya waganga wawili wa zamani sana, Ngika na Gumha, ambao hakuna aliye hai aliyewaona, wala aliyemwona mtu aliyewaona. Hatumwambii kijana huyo kwamba ana maradhi. Twamwita mshika mila. Mabishano ya wapenzi wa Ford na wapenzi wa Chevrolet, ambayo nimeyasikia katika gereji za Kahama yakiendeshwa kwa Kisukuma safi, yana ladha ileile.

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu cha mahaba kilichomo ndani ya Ihya yake, anaweka msingi kwamba mapenzi hayaji ila baada ya maarifa, kwa kuwa moyo hauelekei usichokitambua. Kisha anataja sababu tano za mapenzi: mtu huipenda nafsi yake na kudumu kwake. Humpenda amtendeaye hisani. Humpenda mwenye hisani hata kama hisani hiyo haikumfikia yeye. Hupenda uzuri kwa dhati yake, pasipo faida. Na hupenda kwa munasaba wa siri ulio baina ya roho na roho. Katika hilo la nne anatoa mfano ambao kwetu sisi, tunaofuata madhehebu ya Shafi, wapasa kutugusa. Watu, asema, humpenda Imamu Shafi, na wenzao humpenda Malik au Abu Hanifa, mapenzi ambayo yawafanya watoe mali na hata roho kwa kuyatetea madhehebu, ilhali hawakupata kumwona imamu huyo, na pengine wangemwona wasingeuona uzuri wowote katika umbo lake. Walichokipenda ni sura ya ndani: elimu yake, uchaji wake, na kazi aliyoiacha. Na amwonaye mtunzi katika utungo wake au mjenzi katika jengo lake, huyo naye anapenda sifa za batini kwa dalili za dhahiri.

Hapa mtu anaweza kupinga, na pingamizi si dhaifu. Imamu Shafi ni mwanadamu mwenye elimu. Charger ni bati, mpira na kioo. Ni wapi ilipo batini yake? Jawabu langu ni kwamba chombo hakina batini yake peke yake, lakini kina ile ya waliokiunda, na ya kwao imo ndani yake kweli, haikukopeshwa na mapenzi ya mtazamaji. Aliyeamua kwamba vali ya kuingiza na vali ya kutolea zielekeane katika kichwa cha silinda kilichoviringwa kama nusu ya yai, ili hewa ipite bila kukwama, alikuwa na fikira, na fikira hiyo imo ndani ya chuma mpaka leo, ikimngojea yeyote atakayekifungua.

Upande wa Wakristo, Askofu Augustino wa Hippo aliigusa shida hiyohiyo katika kitabu chake cha kumi juu ya Utatu, akasema kwamba hakuna awezaye kupenda asichokijua kabisa. Basi mwenye shauku ya elimu asiyokuwa nayo apenda nini? Apenda, kwa maneno ya mukhtasari, uzuri wa kule kujua, ambao tayari anaujua, na kwa ajili ya huo anayafuata asiyoyajua. Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka Dk. John Williamson, yule Mkanada aliyetafuta chimbuko la almasi katika mapori ya Shinyanga huku wengi wakimdhania amepotea, mpaka mwaka 1940 akalipata Mwadui. Huwezi kusema alipenda asichokijua. Aliyajua madini madogo yaandamanayo na almasi, akazifuata dalili zake mchangani, na mapenzi yake yakadumu juu ya dalili hizo kabla ya kitu chenyewe kuonekana. Vivyo hivyo kijana wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, ambaye amekwisha kujua kwa viganja vyake jinsi moto mdogo ndani ya silinda unavyolizungusha pipa la chuma lililojaa mawe, haipendi Hemi bila dalili.

Mapenzi haya yapasa kutengwa na ndugu yake mbaya. Mtanzania wa leo akisikia V8 hafikiri Detroit. Afikiri Land Cruiser ya mkubwa, yenye vioo vyeusi, inayopita Kahama kwa kasi huku pikipiki zikikimbilia kando. Gari hilo nalo lapendwa, tena na watu wengi zaidi, lakini kinachopendwa ndani yake ni jaha, yaani ile haja ya kuwa na cheo katika nyoyo za watu, ambayo Al-Ghazali aliifanyia kitabu kizima cha kuikemea. Kipimo ni rahisi: mwenye kupenda jaha hana haja ya kufunua boneti. Wala haoni uchungu gari likibadilishwa kwa jipya zaidi, mradi watu waendelee kusimama alipitapo. Kijana anayependa Charger hakuna amsimamiaye. Huchekwa, kama nilivyosema, na wazee wenye heshima zao. Sidai kwamba kwa hiyo yeye ni mtakatifu. Nadai tu kwamba penzi lisiloleta heshima wala faida, na ambalo humzidishia mtu maarifa, ni vigumu kuliingiza katika fungu la tamaa.

Limebaki jambo zito zaidi, nalo ni la dini hasa. Magari haya yaliundwa kwa israfu na kwa ajili ya kibri. Yalitumia lita nyingi kumfikisha mtu mmoja mahali ambapo lita chache zingemfikisha, na matangazo yake yalimwahidi mnunuzi kwamba atamshinda jirani yake taa zikiwa kijani. Je, yafaa kukipenda kitu ambacho nia ya kuundwa kwake ilikuwa na kasoro? Qurani katika Surat Al Imran, aya ya 14, inayataja miongoni mwa mambo yaliyopambwa machoni pa watu malundo ya dhahabu na fedha, na pamoja nayo farasi wa fahari. Nasi wa Geita, ambako watu walianza kuchimba dhahabu kwa mashine kubwa tangu mwaka 1936, na ambako vijana wasiohesabika wameteremka katika maduara yaliyoshikiliwa na matimba ya mbao, hatuna udhuru wa kusema hatukuielewa aya hiyo. Nimewaona waliopata mawe mazuri leo, wakanunua gari kesho, na kufikia masika gari liko juu ya matofali.

Ila katika Surat Sad, aya ya 31 hadi ya 33, kipo kisa ambacho kila nikikirudia chanizuia kukata hukumu upesi. Nabii Suleimani alionyeshwa farasi wazuri wenye mbio jioni moja, akazama katika kuwapenda hata akaghafilika na utajo wa Mola wake na wakati ukapita. Akaamuru warudishwe, akaanza kupitisha mkono wake miguuni na shingoni mwao. Wafasiri wakahitilafiana juu ya mkono huo. Al-Hasan al-Basri na Qatada walisema ulishika upanga: aliwakata, ili kilichomshughulisha kisibaki. Riwaya ya Ibn Abbas inasema ulikuwa mtupu: aliwapapasa kwa mapenzi. Tabari, aliyefariki mwaka 923, aliichagua riwaya hii ya pili, na sababu yake ni ya mtu mwenye insafu: haielekei kwamba nabii atamwadhibu mnyama na kuiangamiza mali kwa sababu tu yeye mwenyewe alighafilika kwa kumtazama, ilhali mnyama hana kosa. Ibn Kathir, karne nne na nusu baadaye, hakuridhika na uchaguzi huo, akaona huenda katika sheria yao jambo hilo lilijuzu.

Mimi si mfasiri, lakini niko na Tabari. Kosa, lilipokuwapo, lilikuwa katika kughafilika, si katika mbio za farasi wala katika uzuri wa shingo yake, na mkono unaopapasa baada ya kutubu ni mkono ambao umejifunza kupenda bila kusahau. Walio na upanga, nao wapo miongoni mwetu, wangetaka kijana azikate picha zake zote na arudi kwenye kazi yenye maana. Wasichokiona ni kwamba picha hizo ndizo zilizomfikisha kwenye kazi. Wala siwapuuzi kabisa. Swala ikipita, imepita, na sijasikia kwamba injini ya inchi 426 ina adhana.

Kijana mmoja wa Katoro, fundi wa injini za karasha, ndiye aliyenionyesha kwamba nilikuwa nikilifikiri jambo hili kutoka upande wa mnunuzi. Nilimkuta akifunga pampu ya dizeli, ukutani nyuma yake imebandikwa picha ya Charger ya mwaka 1970, imechakaa pembe. Baada ya shikamoo na marahaba nikamwuliza, kwa mzaha nusu, kama siku akipata mawe ya maana ataliagiza.

“Likifika hapa nitalitia nini, baba?” akasema. “Mafuta yake tu ni mshahara wangu. Halafu usukani uko kushoto, na kodi ya uchakavu utalipa mpaka ulie. Nikipata hela nanunua karasha yangu.”

“Basi wataka nini kwake?”

“Nataka siku moja niifungue ile injini mwenyewe, niione yote. Nikiifunga ikawaka, mwenye gari achukue gari lake aende.”

Sikutarajia kuisikia sababu ya nne ya Al-Ghazali ikielezwa kwa ufupi namna ile, tena na mtu aliyekuwa na spana mkononi na grisi mpaka kwenye kiwiko. Nikaona haifai kumwacha na nusu ya maarifa. Nikamweleza kwamba katika Hamtramck, mji uliozungukwa karibu pande zote na Detroit, kilikuwako kiwanda kikubwa cha Dodge kilichoitwa Dodge Main, na kwamba wengi wa wafanyakazi wake katika miaka ile walikuwa watu weusi, ambao wao au wazazi wao walitoka majimbo ya kusini kama Alabama na Mississippi wakikimbia ubaguzi na umaskini, na walipofika kaskazini wakapewa kazi za joto, za rangi na za uzito, huku usimamizi ukibaki kwa wazungu. Berry Gordy, yule aliyeanzisha Motown, alipata kufanya kazi kwenye mstari wa kuunganisha magari wa Ford mwaka 1955 kabla ya kugeukia muziki. Mei 1968, mwaka ambao Charger ilikuwa ikiuzwa kwa maelfu, wafanyakazi wa Dodge Main waligoma kwa sababu mstari ulikuwa ukiendeshwa kwa kasi kupita uwezo wa binadamu; katika kuadhibiwa kwao baadhi walirudishwa kazini na wengine wakafukuzwa moja kwa moja, akiwamo General Baker, mmoja wa walioanzisha baada ya hapo chama cha wafanyakazi weusi kilichojulikana kwa kifupi kama DRUM.

“Kwa hiyo hilo la ukutani limetengenezwa na watu kama sisi?”

“Kwa mikono yao, ndiyo, katika viwanda vile. Faida haikuwa yao.”

“Walikuwa wanagawana vipi?”

Kwa msomaji asiyejua, katika machimbo yetu madogo mchimbaji aghalabu halipwi mshahara: mawe yakitoka katika duara hutiwa katika mifuko, na mifuko hiyo hugawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na walioteremka, kila mmoja kwa fungu lake, kisha kila mtu huenda kusaga lake. Nikamwambia kwamba Detroit walilipwa kwa saa, ujira uliokuwa mzuri kuliko wa kwao walikotoka, na kwamba gari likishatoka mlangoni hawakuwa na haki yoyote juu yake.

“Hata mfuko mmoja?”

“Hata mmoja.”

Akaiweka spana chini, akaanza kunieleza kwa kirefu jinsi mgawo unavyofanywa katika duara analofanya ndugu yake, nani huchukua ngapi na kwa haki gani, ni wapi mwenye leseni anapowapunja, na kwa nini mvuta kamba wa juu adai sawa na aliye chini. Akaendelea hivyo mpaka mwenye karasha alipokuja kuuliza pampu yake.